Nondo ya Nne

Karakana yangu ipo Igogo, hapa Mwanza, chini ya jiwe ambalo mteja mgeni hulitazama kwanza kabla hajanisalimia, akijiuliza limekaaje pale juu bila kuporomoka. Nachomelea mageti, madirisha, vitanda vya chuma, na mara moja moja chanja za kuanikia dagaa kwa akina mama wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Mwaka huu ni wa 19 niko kwenye kazi hii. Shule niliishia kidato cha nne, na hisabati niliiacha nikiamini kwamba ni somo la watu wengine.

Miaka miwili iliyopita binti wa jirani yangu alikuja na daftari. Alikuwa kidato cha sita, anasoma fizikia, kemia na hisabati, na shuleni kwao walikuwa wanaandaa maonyesho ya sayansi.

"Shikamoo Anko. Naomba unichomelee hiki."

Alikuwa amechora mchemraba mdogo ndani ya mchemraba mkubwa, kona za mdogo zimeunganishwa na kona za mkubwa. Chini ya mchoro kaandika kwa mwandiko safi: kona 16, kingo 32, kingo zote urefu sawa, kila kona inakutanisha kingo nne, na zote nne ziko skwea, yaani pembe ya digrii 90 kila moja na mwenzake.

Nikasoma maandishi, mchoro nikaupita. Mafundi ndivyo tulivyo. Mteja akichora, mkono wake unaweza kudanganya. Akiandika vipimo, hapo tunaelewana. Nikachukua nondo ya milimita 8, ile ya mita 12, nikaweka alama kwa chaki, nikakata vipande 32 vya sentimita 30. Nikazisawazisha ncha kwa grinda, nikavipanga mezani, nikasubiri jua lipungue ndipo nianze.

Nondo ya kwanza niliilaza kufuata urefu wa meza. Ya pili nikailaza kufuata upana, nikaweka skwea kwenye maungio, ikakaa. Ya tatu nikaisimamisha wima, nikaipima na ya kwanza, nikaipima na ya pili, safi kotekote, nikaigusa na moto kidogo isitikisike. Hiyo ndiyo kona ya kila kitu nilichowahi kutengeneza, iwe meza, kitanda au banda la kuku. Nikashika nondo ya nne.

Nilipoipatia skwea na ya kwanza na ya pili, ikaangukia palepale ilipo ya tatu. Nikaigeuza ielekee chini, nje ya ukingo wa meza. Ikawa skwea na zile mbili, lakini na ya tatu ikawa imenyooka mstari mmoja kama nondo moja ndefu. Nikaipatia skwea na ya kwanza na ya tatu, ikaingia kwenye mstari wa ya pili. Nikaishika katikati ya zote tatu, haikuwa skwea na hata moja. Giza likaingia, nikawasha taa, nikaendelea. Kijana wangu wa kazi akaaga, akaondoka. Mimi bado niko na kona moja.

Skwea kukataa si jambo geni kwa fundi. Ikikataa, ama chuma kimepinda, ama umekata vibaya, ama mkono umetetereka. Nilikagua vyote. Chuma kilikuwa kimenyooka, mikato mizuri, mkono ni huuhuu uliotengeneza mageti ya nusu ya mtaa. Nikabaki nimeishika ile nondo hewani, naizungusha polepole, naitafutia pa kuelekea. Ndipo nilipohisi kitu ambacho hata leo nikikieleza mwili unanisisimka. Kilichopungua ni upande. Nilikuwa nimezimaliza pande zote. Urefu, upana na kimo vilishachukuliwa na nondo tatu za mwanzo. Ya nne ilikuwa inadai upande mwingine kabisa, na upande huo karakana haina, Mwanza haina, anga lote lililo juu ya ziwa halina.

Sikuwa na neno la kuuita. Nilizima mashine nikaenda nyumbani nikiwa na ile nondo mkononi.

Kesho yake binti alipopita akitoka shule nikamwambia, "Binti yangu, kitu chako hakiwezekani."

"Ndiyo Anko," akasema, "hapa hakiwezekani." Kisha akaviona vile vipande 32 mezani, akashika mdomo. "Jamani, nisamehe. Sikukwambia kwamba unatengeneza kivuli chake."

Akaniomba waya wa kufungia nondo. Tukakunja mchemraba mdogo wa waya, ukubwa wa ngumi, akaushika juu ya sakafu ya saruji na kuumulika kwa tochi ya simu kutokea juu. Sakafuni pakatokea mraba ndani ya mraba, na mistari minne ya mshazari inaunganisha kona zao. Ulikuwa ni ule mchoro wake wa daftari, umepungua ngazi moja.

"Angalia kona yoyote ya waya, Anko. Kingo tatu, zote skwea. Sasa angalia kona hiyohiyo kwenye kivuli."

Kingo bado tatu, lakini skwea imevunjika. Na kingo ambazo kwenye waya zina urefu mmoja, sakafuni zimekuwa nyingine ndefu, nyingine fupi. Hata hivyo nikihesabu napata kona 8 na kingo 12, juu na chini sawasawa. Kivuli kinapotosha urefu, kinapotosha pembe, lakini hesabu ya viungo kimeitunza.

Akaniambia nifikirie mtu aliyezaliwa kwenye ile sakafu, mtu bapa asiyejua juu wala chini, anayejua mbele, nyuma, kushoto na kulia tu. Mpe nondo tatu umwambie azikutanishe kwenye kona moja, zote skwea. Mbili atazipatia vizuri. Ya tatu itamkatalia usiku kucha, vilevile ilivyonikatalia mimi ya nne, na asubuhi atamwambia mteja wake kwamba kitu hiki hakiwezekani. Nami niliyesimama juu yake nitakuwa namwonea huruma, kwa sababu upande anaoutafuta ni huu ninaopumulia.

Miaka yote hiyo nilikuwa nasimamisha madirisha, jua linapita, vivuli vinalala sakafuni kwa watu, mirefu, mifupi, iliyopinda. Sikuwahi kuvitazama nikafikiri kwamba vinanieleza kitu.

Basi tukaanza upya. Mchemraba wa nje nikauacha na vipande vyake 12 vya sentimita 30. Wa ndani nikaupa sentimita 15, kwa hiyo vipande 6 nikavikata katikati vikawa 12. Vikabaki vile 8 vya kuunganisha kona ya nje na kona ya ndani, na hapo binti aliniachia daftari makusudi. "Piga wewe, Anko." Kutoka kona ya nje hadi ya ndani unaingia sentimita 7.5 kwa urefu, 7.5 kwa upana, 7.5 kwa kimo. Kanuni ya Pithagorasi mafundi tunaitumia kila siku kwa jina la tatu-nne-tano, tunapopiga skwea ya msingi wa nyumba. 7.5 mara yenyewe ni 56.25, zikiwa tatu ni 168.75, kipeuo chake kinakosa nywele tu kufika 13. Nikakata vipande 8 vya sentimita 13, vikaingia bila kusukuma. Nilikuwa nimesahau raha ya namba inayotoka kwenye karatasi na kwenda kukaa kwenye chuma.

Kazi ngumu ilikuwa kuuning'iniza mchemraba wa ndani katikati ya wa nje kabla haujashikwa na chochote. Niliupandisha kwenye vipande vya mbao, nikapima pande zote sita, nikachomelea kona moja ya chini, kisha ile inayoikabili juu kabisa, kisha nikatoa mbao moja moja. Ulipobaki umesimama wenyewe hewani, umeshikwa na mikono minane, kijana wangu alisema, "Hii fundi, hata kama haina kazi, nzuri."

Tulihesabu pamoja na binti. Kona 16. Kingo 32. Nyuso 24: sita za nje, sita za ndani, kumi na mbili za katikati. Michemraba 8. Hapo nilibishana naye, maana niliona miwili tu. Akanionyesha sita nyingine zilizobanwa kati ya nje na ndani, zina umbo la ndoo ya mraba, mdomo mpana na kitako chembamba. Kwenye umbo lenyewe zote nane ni sawa, hakuna ya nje wala ya ndani. Ni kivuli ndicho kilichoipa moja ukubwa na nyingine udogo.

Usiku huo nilichukua chaki nikakaa na meza yangu. Binti alikuwa amenifundisha kuburuta. Nukta ukiiburuta unapata mstari, kona 2. Mstari ukiuburuta kwa upande unapata mraba, kona 4. Mraba ukiunyanyua unapata mchemraba, kona 8. Mchemraba ukiuburuta kuelekea ule upande uliokataa nondo yangu, kona 16. Kingo nazo zina utaratibu wake: zilizokuwepo zinakuwa mara mbili, kwa sababu umbo linaacha nakala pale lilipotoka na jingine pale lilipofika, halafu kila kona inachora mstari wa njia iliyopita. Mraba una kingo 4 na kona 4, kwa hiyo mchemraba una 8 na 4, yaani 12. Mchemraba una 12 na kona 8, kwa hiyo linalofuata lina 24 na 8.

Thelathini na mbili. Namba ileile iliyokuwa kwenye daftari, namba niliyoikatia chuma bila kuielewa, nimeipata mwenyewe kwa chaki. Macho yangu hayajafika huko na hayatafika, lakini idadi ya kingo zake naijua kwa uhakika uleule ninaoijua idadi ya nondo za dirisha la mteja. Nikaendelea. Vipimo vitano, yaani pande tano za kuelekea: kona 32, kingo 80. Nililala saa nane.

Tangu usiku huo nimekuwa msomaji. Nasoma kwenye simu, polepole, kazi ikiisha. Nimekutana na watu wengi, lakini aliyeniganda ni mama mmoja, Alicia Boole Stott, aliyezaliwa mwaka 1860 huko Cork, Ayalandi. Baba yake, George Boole, ndiye aliyeweka msingi wa zile hesabu za ndiyo na hapana ambazo simu na kompyuta zinaziendesha mpaka leo. Alifariki binti akiwa na miaka 4. Alicia hakupata chuo kikuu. Shemeji yake, Charles Howard Hinton, aliyelipa umbo langu jina la teserakti mwaka 1888, alikuwa anakuja nyumbani na vipande vya mbao vya mchemraba, anavipanga mezani na kuwafundisha Alicia na dada zake kufikiri kuhusu upande wa nne. Alicia akampita mwalimu. Akiwa hana kitabu cha kumwongoza, aligundua kwamba kwenye vipimo vinne yapo maumbo sita yaliyo sawa kila upande, wakati kwetu huku yako matano tu. Moja kati ya hayo sita limefungwa kwa piramidi 600. Mswisi Ludwig Schläfli alikuwa ameshayapata zamani, ila kazi yake kamili ilikuja kuchapishwa mwaka 1901.

Namna Alicia alivyoyaona ndiyo iliyonishika. Aliyakata. Hakuweza kulishika umbo zima, basi akatafuta vipande ambavyo lingeacha kama lingepita katikati ya ulimwengu wetu, akavitengeneza kwa karatasi ngumu, kimoja baada ya kingine. Nilikuja kulielewa hili nikiwa Kirumba mwaloni, nikitazama boya la mpira ambalo mtoto alikuwa analizamisha na kuliachia taratibu. Wale wadudu wanaokimbia juu ya maji hawajui chini wala juu. Kwao panatokea nukta, nukta inakuwa duara, duara linapanuka. Mtoto akilizamisha tena linasinyaa mpaka linapotea. Mdudu mwenye subira, akiyaandika maduara hayo kwa mfuatano, anaweza kulijua boya zima. Alicia alikuwa mdudu huyo. Aliolewa, akalea watoto wawili, akaendelea kukata karatasi zake nyumbani. Alipopata habari za Pieter Schoute, profesa wa Groningen, Uholanzi, aliyekuwa anayafuata maumbo hayohayo kwa hesabu, alimtumia picha za kazi yake, na zikalingana na hesabu zake. Mwaka 1914 chuo kikuu cha Groningen kikampa shahada ya heshima ya udaktari. Nimeisoma habari hiyo mara nyingi kuliko habari yoyote.

Mengine nimeyapata nikiwa kazini kabisa, mashine inapopoa. Mfano, chukua boksi la mita moja kila upande. Sakafuni mwake, kona hadi kona, inaingia nondo ya mita 1.41. Kutoka kona ya chini hadi kona ya juu inayoikabili, mita 1.73. Boksi hilohilo likiwa na vipimo vinne, inaingia nondo ya mita 2 kamili, haipungui haizidi. Kanuni ni kipeuo cha idadi ya vipimo. Basi nikajiuliza swali la fundi: nondo nzima kama inavyotoka dukani, mita 12, inahitaji boksi la namna gani? Mia moja arobaini na nne. Boksi lenye vipimo 144, kila ukingo wake mita moja tu, lingeimeza nondo nzima bila kuikunja. Siku hizi nikiwaona vijana wanapita na toroli, nondo zimeinama nyuma zinakwaruza lami, boksi langu hunijia kichwani.

Ndala nazo. Kila mwalo una ndala za kushoto zilizopoteza za kulia. Unaweza kuigeuza ndala ya kushoto utakavyo, haiwi ya kulia. Mwanahisabati August Möbius aliandika mwaka 1827 kwamba umbo na taswira yake ya kwenye kioo vingeweza kulazwa kimoja juu ya kingine kama tungekuwa na upande wa nne wa kukipindulia. Ningekuwa nao ningepindua ndala moja, nikavaa zote.

Na mabomba. Fundi yeyote anajua ukiyalaza mabomba ya duara yakajipanga yenyewe, kila bomba la katikati linaguswa na sita. Machungwa sokoni, yakipangwa vizuri, moja la katikati linaguswa na 12. Kwenye vipimo vinne ni 24, na uthibitisho wake aliutoa Mrusi Oleg Musin mwaka 2003, juzi tu. Hata lile la wauza machungwa, kwamba hakuna namna ya kuyabananisha kuliko wanavyofanya wao, mtaalamu wa nyota Johannes Kepler alilitamka mwaka 1611 na likasubiri hadi mwaka 1998, Thomas Hales alipotoa uthibitisho. Kisha mwaka 2016 Maryna Viazovska, mama wa Ukraine, akalimaliza swali hilohilo kwenye vipimo vinane, akapewa nishani ya Fields, tuzo kubwa ya hisabati, mwaka 2022. Vipimo vinane hakuna anayeviona. Lakini machungwa ya huko yamepangwa, na amejua kwa yakini kwamba hayapangiki vizuri zaidi.

Kijiweni wananiambia kipimo cha nne ni wakati, kwa hiyo nisijisumbue. Hawajakosea. Mwaka 1908 mwanahisabati Hermann Minkowski, aliyewahi kumfundisha Einstein, aliuunga wakati na pande tatu zetu vikawa kitu kimoja. Ukimwelekeza mtu mwaloni lazima umpe na saa, la sivyo mtumbwi atakuta umeondoka. Lakini kwenye hesabu ya Minkowski wakati unaingia na alama yake tofauti, kinyume cha urefu, upana na kimo. Nondo yangu ya nne ilitaka upande wa kulala, sawa na wenzake watatu. Kama upande huo upo kweli katika ulimwengu, wanafizikia wanautafuta tangu Theodor Kaluza alipoandika mwaka 1921 kuhusu kipimo cha tano, wakati ukihesabiwa kuwa wa nne, na hakuna chombo kilichouona. Ukweli kwamba umbo langu lina kingo 32 haungoji.

Baada ya maonyesho binti aliniletea lile umbo, akasema ni langu. Nimelitundika kwa kamba mlangoni. Jioni jua likizama upande wa Sengerema, mwanga unapita juu ya maji, unaingia karakana, na kivuli chake kinalala ukutani. Kivuli cha kivuli. Upepo wa ziwa ukilizungusha, mistari inapishana, mraba unamezwa na mraba, na watoto wa jirani wanakuja kukaa kwenye rundo la mabati kulitazama.

Mzee wangu anaishi Kirumba. Alivua tangu ujana wake; sasa mgongo umemkatalia, anashona nyavu za wavuvi wengine. Mwezi ukiwa mpevu anakuwa na kazi nyingi, kwa sababu siku za mbalamwezi taa haziwavuti dagaa, mitumbwi inapumzika na nyavu zinaletwa. Nilimkuta Jumapili moja, wavu umemjaa mapajani, sindano ya mbao inaingia na kutoka.

"Baba," nikamwambia, "kuna mahali fundo halishiki."

"Fundo gani?"

"Lolote."

"Uzi mbovu."

"Hata uzi mzuri, baba. Hata likifungwa na wewe."

Akainua macho. Nikakata uzi, nikafunga fundo legevu, nikaziunga ncha mbili ili pasiwe na pa kutokea. Nikamwonyesha kwamba kulifungua inabidi uzi upite katikati ya uzi mwenzake, na hauwezi. Kisha nikamweka sisimizi kwenye ubao, nikamzungushia uzi uliolala. Kama sisimizi hajui juu, amefungwa. Nikamnyanyua kidogo kwa jani, nikamshusha nje ya uzi, hajagusa kitu. Nikamwambia huko kwenye upande wa nne ndivyo uzi unavyofanya: unasogea kidogo mahali ambapo mwenzake hayupo, unavuka, unarudi, fundo limekwisha. Na samaki aliyeingia kwenye mgono anatoka bila kugusa hata ufito mmoja.

Hakujibu. Alirudi kwenye wavu wake, lakini niliona kila anapokaza fundo analitazama kidogo kabla ya kwenda kwa linalofuata. Niliaga nikaondoka.

Siku nne baadaye akanipigia alfajiri. Hakunijulia hali kwanza.

"Kwenye njia nyembamba," akasema, "jiwe moja linatosha kuziba. Si ndiyo?"

"Ndiyo, baba."

"Mchangani jiwe halizuii ng'ombe, anazunguka. Unaweka uzio. Majini kamba moja haizuii samaki, anapita chini. Unashusha wavu, mpana. Kila nafasi ikiongezeka na kizuizi kinaongezeka. Sasa wewe umeniongezea nafasi nyingine halafu umeniacha na uzi uleule. Uzi huko ni jiwe mchangani. Achana na uzi, tafuta kitu kipana ukifunge hicho. Turubai litashika."

Binti sasa yuko chuo kikuu Dar es Salaam. Nilimwandikia maneno ya mzee kama yalivyo. Jibu lake lilikuja usiku: Anko, ni kweli. Kwenye vipimo vinne nyuzi hazifungiki, lakini nyuso zinafungika. Emil Artin, Mwaustria, alilionyesha hilo mwaka 1925.

Nikampigia mzee palepale. Alikuwa bado macho, nasikia mawimbi yakipiga mawe nyuma yake.

"Mwaka gani umesema?"

"1925."

"Baba yangu alikuwa mtoto mwaka huo," akasema. "Yuko Ukerewe, anafundishwa kusuka mgono." Akatulia. "Na huyo bwana alitumia kamba ya aina gani?"

"Hakutumia kamba, baba. Alikaa na karatasi."

Mawimbi yakapiga tena, mara tatu, mara nne.

"Jumapili njoo na turubai," akasema. "Lisiwe lile gumu la lori. Laini."